Simu ya bure, SMS au WhatsApp: msichana anayekunywa na anayetaka kujikinga na VVU achague nini?

Huduma za afya kwa simu zimejaa hapa Kenya, na zile zinazowalenga wasichana hupenda kuahidi mawili kwa mpigo: tutakusaidia kupunguza pombe, tutakusaidia kujikinga na VVU. Kwenye bango zote zinafanana. Ukizikaribia, moja ni mshauri anayepokea simu usiku wa manane, nyingine ni kompyuta inayotuma maneno yale yale kila siku saa mbili usiku, na nyingine ni kundi la WhatsApp ambalo admini wake alihama kazi na hakuna aliyeambiwa.

Ulinganisho huu nimeuandika nikimfikiria dada wa miaka 18 hadi 24 hivi, wa Kisumu, Thika, Mtwapa au popote penye baa na vibanda vya keg, ambaye hana VVU au hajui hali yake, na ambaye mwenyewe ameanza kuona kwamba pombe inamwendesha. Msimamo wangu nautanguliza: huduma yenye mtu anayejibu inaishinda ile inayokumbusha tu, na kinga isiyotegemea kumbukumbu yako ya Jumamosi usiku inaishinda inayoitegemea.

Maswali mawili ya kupimia huduma yoyote

Kabla hujajiandikisha popote, uliza hivi: "Nikinywa leo, nimeze PrEP au niiruke?"

Jibu sahihi ni umeze. PrEP ni dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe. Vidonge vya PrEP vya kila siku, vile vyenye tenofovir, havigombani na pombe. Lakini imani kwamba dawa na pombe havikai tumbo moja ina nguvu sana kwetu, kwa kuwa tumeonywa hivyo hospitalini kuhusu dawa nyingine chungu nzima. Matokeo yake, msichana anayekunywa Ijumaa hadi Jumapili huruka vidonge siku hizo hizo tatu, na hizo ndizo siku anazovihitaji kuliko zote. Kwa mwanamke, kinga ya vidonge hujengeka kwa kumeza kila siku; mwanzoni huhesabiwa siku 7 mfululizo kabla ya kuitegemea. Anayeruka kila wikendi anabomoa alichojenga katikati ya wiki. Ukiuliza swali hilo ukajibiwa kwa mahubiri juu ya ubaya wa pombe, kata simu utafute pengine.

Swali la pili: "Kondomu ilipasuka jana usiku, niende wapi sasa hivi?" Hapo unataka kusikia neno PEP, yaani dawa ya dharura inayoanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha inamezwa siku 28. Unataka pia kutajiwa kituo kinachoitoa hata kama leo ni Jumapili. Huduma ikishindwa hapo, uzuri wake mwingine wote ni mapambo. Na wewe usikae kusubiri ijibu: hospitali kubwa ya serikali iliyo karibu nawe, upande wa dharura, ndipo pa kukimbilia.

Kupiga: 1190 au 1192?

Namba zote mbili ni za bure na hazihitaji bando wala simu janja, kabambe inatosha. 1190 ni ya vijana, ilianzishwa na shirika la LVCT Health, na nguvu yake iko kwenye VVU, upimaji, PrEP, uzazi wa mpango na mambo ya mahusiano. 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na hupokea simu saa 24.

Tofauti yake utaiona kwenye maswali utakayoulizwa. Mshauri wa pombe atataka kujua unakunywa nini, kiasi gani, saa ngapi ya siku unaanza, na kama asubuhi mikono inatetemeka kabla hujaonja kitu. Hilo la mwisho si udadisi, na nitalirudia hapa chini. Mshauri wa vijana atakuuliza zaidi kuhusu mwenzi wako, kipimo chako cha mwisho na kliniki iliyo karibu. Kama kinachokunyima usingizi ni kipimo, anza na 1190. Kama umeshajaribu kupunguza pombe mara kadhaa na kila mara unarudi pale pale, anza na 1192. Hakuna anayekuzuia kupiga zote mbili mchana mmoja.

Wasichana wengi huiogopa 1192 kwa sababu jina la NACADA linaenda pamoja na misako ya baa, na aliye chini ya miaka 18 anajua kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile iliyopewa jina la Mututho, haimruhusu hata kuuziwa. Hofu hiyo naielewa. Ila laini hiyo ni ya ushauri, hakuna anayetumwa kukukamata, na si lazima utaje jina lako la kitambulisho.

Kama pombe inakuja pamoja na kipigo, chako au cha mwenzi wako aliyelewa, iko 1195 ya ukatili wa kijinsia, nayo pia ya bure. Pombe, kipigo na VVU hukaa nyumba moja mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Udhaifu wa simu ya kupiga ni mmoja tu, lakini ni mkubwa: lazima wewe ndiye upige. Aliyeamka na hangova na aibu ya jana hapigi.

SMS zinazofanana kwa sura tu

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu husema "huduma ya SMS" kana kwamba ni kitu kimoja.

Aina ya kwanza inauliza. Mfano wake maarufu duniani ulizaliwa hapa kwetu. Katika utafiti wa WelTel, uliotolewa mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet, watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU katika kliniki tatu, ikiwemo ya Pumwani na ya Kajiado, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipokea ujumbe mmoja kila wiki: "Mambo?" Basi. Mpokeaji alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya mwaka, waliosema wanameza dawa vizuri walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la ujumbe, dhidi ya 50 kwenye kundi la kawaida. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Angalia ule ujumbe wenyewe. Hauna neno dawa, hauna neno VVU, hauna jina la kliniki. Simu ikiwa mezani na shangazi akauona kabla yako, ameona nini? Mtu anakusalimia.

Aina ya pili inakumbusha. Katika utafiti wa MPYA uliofanyika Thika na Kisumu, wasichana 348 wa miaka 18 hadi 24 walipewa PrEP pamoja na chupa za dawa zenye kifaa kinachorekodi kila zinapofunguliwa. Nusu yao walitumiwa SMS za kukumbusha. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na hayakupendeza: ndani ya miaka miwili chupa zilifunguliwa takriban robo tu ya siku zilizotakiwa, na kundi la SMS halikuwa tofauti na lile lisilo nazo.

Si haki kuzipanga tafiti hizi mbili kama timu zilizocheza mechi moja. Wa WelTel walikuwa tayari wanaishi na VVU, wana sababu nzito ya kumeza. Wa MPYA walikuwa wazima, wachanga, na kidonge cha mtu mzima wa afya ni rahisi kukipa kisogo. Hata hivyo somo la kuchagulia ninaliona. Kusahau kumeza kulikuwa sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa lilikuwa mpenzi anayeuliza hizo ni dawa za nini, safari ya ghafla, au kuona kwamba mwezi huu sina mtu. Hakuna king'ora kinachotatua hayo. Binti aliyekwenda baa na pochi ndogo, chupa ya dawa akaiacha nyumbani, ujumbe wa saa mbili usiku utamkuta yuko mbali na kidonge, na pengine utasomwa na aliyeketi karibu naye.

Kwa hiyo ukiwekewa SMS mbele yako, uliza: nikijibu, nani anasoma? Ikiwa jibu ni "mfumo", jisajili ukitaka, ila usiitegemee. Uliza pia kama unaweza kuchagua maneno ya ujumbe mwenyewe. "Umefika?" inatosha kabisa.

Mazungumzo ya pombe: simu au ana kwa ana?

Wengi huamini kwamba pombe haiwezi kuzungumzwa kwa simu, kwamba lazima mtu akuone machoni. Makueni walilijaribu jambo hili. Watu wazima 300 wenye matatizo ya pombe waligawanywa: wengine walipata kikao kimoja cha mahojiano ya kuhamasisha, yaani mazungumzo ya kumsaidia mtu ajitafutie sababu zake za kubadilika, ana kwa ana, wengine kikao hicho hicho kwa simu, wengine wakasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwezi mmoja, waliozungumziwa kwa simu walikuwa na alama ndogo za unywaji kuliko waliosubiri, na haikuonekana tofauti kati ya simu na uso kwa uso. Washiriki hawakuwa wasichana pekee, na mwezi mmoja ni muda mfupi. Lakini kwa dada anayeishi saa mbili za matatu kutoka kwa mshauri wa karibu, hiyo ni habari njema.

Moshi, ng'ambo ya mpaka, hospitali ya KCMC imefuata njia ya katikati. Mradi wao unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako: muuguzi anazungumza na majeruhi aliyeletwa dharura akiwa amekunywa, kisha SMS zinafuata nyumbani kuendeleza yale waliyokubaliana. Huo mpangilio naupenda. Sura ya mtu kwanza, ujumbe baadaye, na ujumbe unarejelea maneno uliyosema wewe mwenyewe.

Na kuna vikundi. Eldoret, katika utafiti wa Rafiki uliotolewa mwaka 2021, watu wanaoishi na VVU na wanaokunywa walikutana kwa vikao vya tiba ya mienendo (mazungumzo ya kubadilisha fikra na tabia) vilivyoongozwa kwa Kiswahili na wahudumu waliofunzwa kazi hiyo, wasio madaktari. Wanawake walikaa peke yao, wanaume peke yao. Waliopitia vikao hivyo walipata siku nyingi zaidi bila pombe kuliko waliopewa masomo ya kawaida ya afya. Ukipata kikundi cha namna hiyo karibu nawe, na cha wanawake watupu, mimi ningekiweka mbele ya simu yoyote. Kuna mambo kuhusu pombe na miili yetu ambayo hayasemeki mbele ya kaka zetu.

WhatsApp na programu za kuhesabu pombe

WhatsApp ya mtu mmoja kwa mmoja, wewe na mshauri, ni nzuri: unaandika ukiwa kwenye matatu, unatuma sauti, unafuta. Inakula bando, lakini kidogo.

Kundi la WhatsApp ni suala jingine. Kila mwanachama anaiona namba yako. Anayeijua namba anaweza kuanza kukutumia M-Pesa na jina lako likajitokeza kabla hajamaliza. Kundi likiitwa "Wasichana wa PrEP Nyalenda" na ukawemo, siri yako iko mikononi mwa watu usiowajua. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria hiyo haitamzuia binamu kupiga picha ya skrini. Ukitaka kundi, tumia laini ya pili.

Programu za kuhesabu vinywaji nazo zina kasoro ambayo sioni ikisemwa. Nyingi zimetengenezwa Uingereza au Marekani, na kipimo cha "kinywaji kimoja" si kimoja duniani. Uingereza ni gramu 8 za alkoholi, Marekani ni 14, na AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji, linatumia 10. Sasa chukua bia ya chupa, nusu lita, asilimia 5. Ina gramu 20 hivi. Ukinywa chupa tatu, programu ya Mwingereza itakwambia saba na nusu, ya Mmarekani itakwambia nne na kitu, na wewe kichwani umehesabu tatu. Kwa AUDIT ni sita, na sita kwa kikao kimoja ndicho kiwango kinachoulizwa kwenye swali la unywaji wa kupindukia. Msichana anayejibu "mimi hunywa tatu tu" anasema kweli, na bado fomu inamsoma vibaya. Mzinga wa robo wenye asilimia 40 ni karibu vipimo nane. Chang'aa haina lebo, hivyo hakuna programu inayoweza kuihesabu.

Kwa sababu hiyo, mshauri anayekuuliza "chupa kubwa au ndogo? mlikuwa wangapi kwenye huo mzinga?" anakupa picha iliyo sahihi kuliko programu yenye rangi nzuri.

Kinga yenyewe ibadilike, si king'ora

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mjadala wa SMS ilizaliwa wakati kinga pekee ilikuwa kidonge cha kila siku. Kenya ilianza kukitoa kitaifa mwaka 2017. Leo swali la kuuliza kliniki ni pana zaidi.

Pete ya dapivirine, dawa ya kuzuia VVU, inakaa ukeni mwezi mzima. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Katika majaribio makubwa ilipunguza maambukizi kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo haina nguvu ya sindano, lakini haisahauliki mezani na haionekani mkobani. Sindano ya cabotegravir, iliyopendekezwa mwaka 2022, baada ya dozi za kuanzia hurudiwa kila miezi miwili. Na sindano ya lenacapavir ni mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio la PURPOSE 1, Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa lenacapavir hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kwenye kundi la vidonge vya kila siku vya tenofovir na emtricitabine, la watu 1,068, waliambukizwa 16. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani lilitoka Julai 2025, na Kenya ni kati ya nchi zilizochaguliwa kuanza mapema. Haijafika kila kituo, hivyo uliza kwa jina.

Kwa anayekunywa wikendi, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya SMS na WhatsApp. Sindano haijali ulilewa Ijumaa. Na hapo ndipo ujumbe wa simu unapata kazi halisi: lenacapavir huanza kwa sindano mbili chini ya ngozi ya tumbo pamoja na vidonge viwili siku hiyo, kisha vidonge vingine viwili siku ya pili. Kukumbushwa siku hiyo moja, na tena baada ya miezi sita, ni kazi ambayo SMS inaiweza bila shida.

Kumbuka pete na sindano hizi hazizuii kaswende, kisonono wala mimba. Kondomu haijastaafu.

Nani achague nini

Mhudumu wa baa, ambaye mteja akimnunulia kinywaji ni sehemu ya mapato, asianze na programu ya kuacha pombe. Aanze na sindano au pete, kisha azungumze na mshauri kwa simu mchana kabla ya zamu, kuhusu mambo madogo: kuomba soda ionekane kama kinywaji, kula kabla, nani wa kurudi naye nyumbani.

Mwanafunzi anayetumia simu moja na mama yake asijisajili kwa SMS yoyote yenye maneno ya afya. Apige 1190 akiwa nje, afute namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa, na kipimo cha kujipima mwenyewe akinunue famasi.

Na yule anayetetemeka asubuhi, anayetoka jasho na kichefuchefu mpaka anywe kidogo, yeye hapaswi kuacha ghafla kwa ushauri wa SMS, programu wala rafiki. Mwili uliozoea pombe kiasi hicho ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege, na watu hufa. Huyo ni wa hospitali kwanza, hata kama ni mdogo wa miaka 20 na anaona aibu kukaa kwenye foleni na wazee.

Nani analipa?

Jambo la mwisho la kulinganisha halimo kwenye bango lolote. Huduma nyingi za wasichana, zikiwemo za mpango wa DREAMS uliotangazwa Desemba 2014, zilitegemea fedha za Marekani. Fedha hizo ziliposimamishwa Januari 2025, vituo vilifungwa, washauri wakarudishwa nyumbani, na kwa muda PrEP ya fedha hizo ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Msichana aliyekuwa amejibu "Shida" wiki hiyo, ujumbe wake ulikwenda wapi?

Kwa hiyo unapojiandikisha, muulize muuguzi kama huduma ni ya kituo au ya mradi, na mradi unaisha lini. Kisha omba namba ya kituo chenyewe, ile inayokaa kwenye meza ya mapokezi, na uipige pale pale ukiwa umesimama mbele yake uone kama inaita.